Regulita inachemka, taa haiwaki

SWALI: Nimelehemu bodi yenye chipu ya ATmega328P (kompyuta ndogo inayopangiwa programu) na regulita ya 7805, inayoshusha umeme hadi volti 5. Nikiunganisha betri ya volti 9, taa haiwaki na regulita inaunguza kidole. Nianzie wapi?

JIBU: Toa betri kwanza. Weka maltimita kwenye mlio (hulia umeme ukiwa na njia kati ya ncha zake mbili), gusa pini ya 7 (umeme, VCC) na ya 8 (graundi, yaani upande hasi) za chipu. Mlio mfupi unaokatika ni kapasita inajaa tu, usikutishe. Mlio ukiendelea, una shoti, yaani umeme na graundi vimegusana. Chomoa chipu kwenye soketi upime tena: mlio ukikoma, chipu ndiyo mbovu. Usipokoma, tafuta risasi ya kulehemu iliyovuka kati ya pini mbili. Mara nyingi ni uzi mwembamba kama unywele, uumulike kwa tochi kutoka ubavuni. Kagua pia kapasita ya elektroliti: upande wenye mstari ni hasi.

Shoti ikiisha, rudisha betri, pima volti DC, ncha nyeusi ikiwa kwenye graundi. Mguu wa kuingilia wa 7805 usishuke chini ya volti 7; wa kutolea usome kati ya 4.8 na 5.2. Pini ya 1 ya chipu, yaani riseti (ya kuiwasha upya), isome karibu 5. Ikisoma 0, chipu haitaamka hata programu iwe sahihi namna gani. Kagua na pini ya 20, AVCC (umeme wa sehemu ya analogi ya chipu): wengi huiacha bila umeme.