Ukienda Erice, Usiipangie Saa

Mara ya kwanza nilipofika Erice, mji mdogo wa mlimani huko Sicily, Italia, sikuiona. Nilikuwa nimesimama katikati ya mji wenyewe, mwezi wa Novemba, na kitu pekee kilichoonekana kilikuwa mawe ya barabara hatua nne mbele yangu, pamoja na taa moja ya ukutani iliyokuwa imewashwa saa sita mchana. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto na ukungu si kitu kigeni kwangu, lakini ukungu wa Usambara una adabu, kwa kuwa aghalabu huinuka jua linapopanda, ilhali huu ulikaa siku nzima kama mgeni aliyekwisha kufungua mizigo. Jioni niliteremka nikiwa nimelowa, nikarudi Palermo, mji mkuu wa Sicily, na kesho yake nikaruka kurudi Ujerumani ninakofanya kazi. Miaka miwili baadaye nilirudi mwezi wa Mei pamoja na dada yangu mkubwa aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, na safari hiyo ya pili ndiyo iliyonifundisha namna ya kuupanga mji huu. Ninaandika kwa ajili ya wale wenye siku mbili au tatu tu mkononi.

Erice uko juu ya mlima unaosimama peke yake kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Sicily, kiasi cha meta 750 juu ya usawa wa bahari, na chini yake kabisa, pwani, umelala mji wa bandari wa Trapani. Kwa sababu mlima unaibuka karibu na maji bila vilima vya kuutangulia, hewa yenye unyevunyevu kutoka baharini huupiga, hulazimika kupanda, hupoa na kugeuka wingu papo hapo juu ya paa za nyumba. Ndiyo maana Trapani inaweza kuwa na jua kali huku Erice ikiwa imefunikwa kabisa. Wenyeji wana jina la ukungu huo: huuita busu la Venus, kwa heshima ya mungu mke aliyeabudiwa kileleni hapo zamani. Mama aliyeniuzia keki siku ile ya Novemba alinitajia jina hilo huku akifuta kioo cha duka lake, na kwa uso wake nilielewa kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuchoka kubusiwa.

Kutokana na hayo, ushauri wangu wa kwanza, ambao kwa kweli ndio uliobeba mengine yote, ni huu: usiipangie Erice siku maalumu. Lala Trapani usiku usiopungua miwili, uache siku ya kupanda mlimani ikiwa wazi, na kila asubuhi utoke nje uutazame mlima kabla hujaamua lolote. Ukiona kilele kimevaa kofia ya wingu, nenda kwenye mashamba ya chumvi yaliyo kusini mwa mji, au panda boti ya kwenda kisiwa cha Favignana, au zunguka mitaa ya kale ya Trapani. Ukiona kilele ki wazi, kunywa kahawa yako upesi uondoke. Kosa langu la Novemba lilikuwa kutoka Palermo kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, nikiwa na tiketi za basi nilizokwisha kuzilipia, hivyo nilikwenda kwa kuwa ratiba ilisema niende. Basi la Palermo hadi Trapani peke yake huchukua kama saa mbili, na ukijumlisha kupanda na kushuka, siku ya namna hiyo inaishia barabarani hata hali ya hewa ikiwa nzuri.

Wasafiri wa ndege wana njia mbili. Kiwanja cha Trapani, kilichoko Birgi, ni kidogo na kiko karibu, takriban kilometa 15 kutoka mjini, lakini ndege zake hupungua sana wakati wa baridi. Kiwanja cha Palermo ni kikubwa zaidi, na bahati nzuri kiko magharibi ya Palermo, yaani tayari uko upande wa Trapani. Kuna mabasi yanayokwenda moja kwa moja, kwa hiyo usiingie Palermo mjini ndipo ugeuke kurudi ulikotoka, kama nilivyofanya mimi.

Wanaotoka Afrika Mashariki wanahitaji viza ya Schengen, na hapa nitasema machache tu. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, si lazima iwe nchi utakayotua kwanza. Dada yangu alikaa kwangu Ujerumani wiki tatu na Sicily siku nne, kwa hiyo aliombea Ujerumani. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000, na maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ukifika Italia, tembea na pasipoti yenyewe, kwa sababu nyumba za wageni zinatakiwa kisheria kuandikisha wageni wao kwa polisi, na nakala kwenye simu haikubaliki kila mahali.

Sasa tuje kwenye kupanda. Kuna njia tatu: gari la nyaya, ambalo Waitaliano huliita funivia, basi la umma, na gari la kukodi. Gari la nyaya ndilo zuri kupita yote. Ni kama lile lililozua mjadala mkali kwetu mwaka 2019 lilipopendekezwa kwa Kilimanjaro, ila hili linapita juu ya vichaka na mawe kwa muda wa dakika kumi hivi, na kadiri unavyopanda ndivyo Trapani inavyojikunja chini yako hadi ikawa kama mundu uliotupwa baharini. Lakini gari hili linaogopa upepo. Upepo ukizidi, husimamishwa bila mjadala, na pia kuna kipindi cha baridi linapofungwa kwa matengenezo. Siku yangu ya Novemba mwenyeji wa nyumba niliyofikia Palermo alinihakikishia kuwa linafanya kazi kila siku. Nikafika kituoni nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni na watu wanne wakiitazama kama matokeo ya mtihani. Tangu hapo sikubali neno la mtu yeyote aliye mbali na kituo: ninaangalia taarifa ya kampuni yenyewe asubuhi ya siku hiyo. Basi la umma ndilo mbadala. Linapanda kwa kona kali nyingi, na mwenye tumbo jepesi akae mbele. Gari la kukodi linafaa ikiwa una wazee au watoto wadogo, ila utaliegesha nje ya kuta, karibu na lango la Porta Trapani, kwani mitaa ya ndani haikujengwa kwa ajili ya magari.

Ukishaingia kwa lango hilo, weka ramani mfukoni. Mji wote una umbo la pembetatu na ni mdogo kiasi kwamba hata ukipotea, baada ya dakika kumi utajikuta kwenye ukuta au kwenye ngome. Angalia chini kwanza. Barabara zimetandazwa kwa mawe yaliyopangwa kama mkeka: mawe madogo yamejazwa ndani ya miraba iliyozungushiwa mistari ya mawe marefu, na karne za nyayo zimeyasugua hadi yanang'aa. Urembo huo ndio unaoangusha watu. Mawe yakilowa huteleza kama sakafu iliyomwagikiwa sabuni, na viatu vya soli laini havifai hapa hata kidogo. Dada yangu, ambaye magoti yake si ya kuchezea, alivaa raba zenye meno na bado alinishika mkono kwenye kila mteremko.

Kuta za nyumba zinaonekana kavu na zimefunga uso, karibu hazina madirisha upande wa barabara. Uhai wote uko ndani, kwenye ua: kisima, ngazi ya mawe, vyungu vya maua vilivyopangwa hadi juu. Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya Lamu na kukuta ua wa ndani wenye mwanga nyuma ya ukuta mzito atajisikia nyumbani mara moja. Malango ya nyua hizi mara nyingi huachwa wazi, na kuchungulia kutoka mlangoni hakumkeri mtu, lakini kuingia na kupiga picha nguo za watu zilizoanikwa ni jambo jingine.

Mahali pa lazima ni ngome ya Venus, iliyojengwa na Wanormani ukingoni mwa jabali, juu ya magofu ya hekalu. Waelymi, waliokuwa wenyeji wa kale wa pembe hii ya Sicily, walianza ibada hapo. Wafoinike wakaja wakamwita mungu huyo Astarte, Wagiriki wakamwita Aphrodite, Warumi wakamwita Venus. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba kila mwaka njiwa wa hekalu waliondoka wakavuka bahari kwenda Libya, na baada ya siku tisa wakarudi, na watu wakafanya sherehe ya kuwaaga na ya kuwapokea. Hamilcar Barca, jemadari wa Carthage, dola ya kale ya Afrika Kaskazini, na baba yake Hannibal, alijikita kwenye mlima huu akipigana na Warumi hadi mwaka 241 kabla ya Kristo, pale jeshi la majini la Carthage liliposhindwa karibu na visiwa vya Egadi. Ninayataja haya kwa sababu ngome yenyewe, bila simulizi, ni kuta tupu na upepo. Ukijua kwamba visiwa vile vitatu unavyoviona pale magharibi ndiko vita vile vilikomalizikia, utakaa nusu saa zaidi.

Kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1314, liko hatua chache tu kutoka langoni, na mnara wake umesimama peke yake pembeni. Dari yake ya ndani, nyeupe na iliyonakshiwa kama kitambaa cha lesi, ni kazi ya karne ya 19 na hailingani na uso wa nje wenye ukali. Mimi niliipenda, dada alisema imezidi. Makanisa mengine unaweza kuyapita. Kwa miguu iliyochoka ni afadhali bustani ya Balio, iliyo jirani na ngome, yenye mabenchi chini ya miti, na kutoka hapo unaona mlima wa Cofano ukitumbukia baharini upande wa kaskazini-mashariki.

Chakula ni hoja ya kujitegemea. Keki mashuhuri ya hapa huitwa genovese: unga laini uliofungwa duara, ndani ukiwa na krimu ya maziwa ya moto, juu sukari ya unga. Iombe ya moto, kwa sababu ikipoa inakuwa keki tu. Waislamu waulize neno moja kabla ya kununua: strutto, yaani mafuta ya nguruwe, ambayo Sicily huyatumia kwenye vitafunio vingi vya asili na huwezi kuyatambua kwa macho. Muuzaji wetu hakukasirika; alitwambia ipi ina na ipi haina, akatutenganishia kwenye karatasi mbili. Kwa chakula kizito kula Trapani, ambako bei ni nafuu na samaki wametoka majini asubuhi. Kuskusi yao, iliyokuja kutoka ng'ambo ya pili ya bahari, hupikwa kwa mvuke na kumwagiwa mchuzi wa samaki, na dada yangu alipoionja alinyamaza kwa muda, kisha akasema inakosa pilipili. Usishangae bili yako ikiwa na kitu kinachoitwa coperto: hiyo ni ada ya kukaa mezani, hutozwa kwa kila kichwa na si wizi.

Je, ulale juu au chini? Nililala Trapani usiku miwili na Erice usiku mmoja, na kama ningekuwa na usiku mmoja tu wa ziada ningeupeleka juu. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni mabasi ya watalii humwaga watu na mtaa mkuu, wa Vittorio Emanuele, unakuwa kama soko siku ya gulio. Mabasi yakishaondoka mji hubaki na paka, wazee wachache na sauti ya nyayo zako. Lakini ukilala juu, chukua koti hata ikiwa ni Mei, kwa kuwa ubaridi huzidi wa pwani kwa nyuzi tano au zaidi bila kuhesabu upepo, na uwe umekubali kwamba pengine utaamka ndani ya wingu. Sisi tuliamka ndani yake. Dada alifungua dirisha, akaona weupe mtupu, akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tulikunywa chai taratibu, na ilipofika saa tatu na nusu wingu likaanza kupasuka kutoka chini: kwanza mashamba ya chumvi yakatokea, miraba ya waridi na nyeupe iliyopangwa ufukweni, halafu bandari, halafu Favignana na Levanzo. Marettimo, kilicho mbali kuliko vyote, kilichelewa, na tulipokuwa tunashuka kwa gari la nyaya dada alikuwa bado amekazia macho upande ule, akibishana na mimi kama kile ni kisiwa au ni wingu jingine.