Mguu ulivimba, ugonjwa ulikuwa shingoni

Mwaka juzi nilishuka basi stendi ya Moshi nikitokea Dar, mguu wa kushoto umevimba hadi mikanda ya kandambili imeacha mifereji. Nikabonyeza kidole juu ya kifundo, shimo likabaki pale pale. Wa kulia ulikuwa mzima. Zahanati ya jirani wakasema ni misuli, ni uchovu wa safari, wakanichoma sindano ya maumivu. Nikarudi kuuza vitenge Mbuyuni. Siku ya tatu shavu la mguu lilikuwa gumu na la moto, nikapelekwa hospitali. Ultrasaundi ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa.

Daktari alinishika mkono, akauangalia. "Mama, unatetemeka. Umepungua kilo ngapi?" Kilo tisa, na nilikuwa nakula kuliko wanangu. Mtaani walishanisema, nami nilishapima ukimwi mara mbili kwa sababu ya maneno ya watu. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, hakuna aliyewahi kuniuliza. Majibu yalipotoka, TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi, ilikuwa haionekani kabisa na T4, homoni ya tezi yenyewe, iko juu sana: tezi ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi.

Homoni ya thairoidi ikizidi, damu huelekea kuganda. Protini za kugandisha huongezeka: fakta ya nane, ile ya von Willebrand, na faibrinojeni. Upande wa pili, mwili una namna yake ya kuyeyusha damu iliyoganda, kazi ya kimeng'enya kiitwacho plasmini. Homoni ikiwa juu, protini ya kuzuia plasmini isitengenezwe nayo hupanda. Yaani bonge linapatikana kirahisi na kuyeyuka kwake kunachelewa. Ongeza saa nyingi za kukaa kwenye kiti cha basi. Tezi peke yake haimpi kila mgonjwa bonge, ila inaongeza hatari. Kwa wengine moyo nao hupoteza mpangilio, vyumba vyake vya juu vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama humo, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi.

Sasa sikilizeni hili la dawa, maana ndilo lililonitesa zaidi. Nilianzishiwa wafarini, ya kuzuia damu kuganda, na kabimazoli, ya kutuliza tezi, pamoja. Wiki ya pili napiga mswaki, mate yote mekundu. INR, kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ambayo kwangu ilitakiwa iwe kati ya 2 na 3, ilikuwa imepita 5. Inachanganya, najua, damu ileile inayopenda kuganda sasa inavuja. Wafarini hulizuia ini kutengeneza vigandishi vinavyotegemea vitamini K, na thairoidi ikiwa juu mwili huviteketeza haraka vile vilivyopo, kwa hiyo kidonge cha kawaida kinakuwa kikali. Wakanipunguzia. Miezi mitatu baadaye kabimazoli imefanya kazi, uzito unarudi, nimefurahi, kumbe INR imeshuka hadi 1.4 na sina kinga ya bonge. Wakaniongezea.

Kwa hiyo ndugu yangu, kila dozi ya kabimazoli inapobadilishwa, uliza INR inapimwa lini. Kliniki ya tezi na ya damu zinaweza kuwa milango miwili isiyosemezana, wewe ndiye unayebeba habari. Mimi nina daftari moja, TSH na INR ukurasa mmoja, namwekea daktari mezani kabla hajauliza. Usijibadilishie dozi mwenyewe. Mnafu na mchicha sikuacha, nani aache mnafu Kilimanjaro? Ila nakula kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu vitamini K yake inaigusa wafarini. Diklofenaki usinunue dukani, inaongeza kuvuja damu.

Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, nenda kapimwe chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikikata ghafla na kifua kuchoma, usisubiri kesho, hata kama ni usiku wa manane, na ukifika sema mapema kwamba una thairoidi.

Bado nafuata mzigo Dar. Basi likisimama Korogwe wenzangu wanakimbilia chakula, mimi kwanza nazunguka uwanja mara tatu.