Daktari Anajibu: Chanjo ya Homa ya Ini A, Dozi Ngapi na Lini?

Shikamoo daktari. Mwaka jana nilichomwa chanjo ya ini kwa ajili ya kazi ya melini. Niliambiwa nirudi baada ya miezi 6, sikurudi. Sasa imetimia miezi 14. Naanza upya?
*Msomaji, Mikindani*

Marahaba. Huanzi upya. Ila kwanza itoe kadi uisome, maana huku kwetu mtu akisema "chanjo ya ini" mara nyingi anazungumzia ya homa ya ini B, ile iliyomo kwenye chanjo ya mchanganyiko anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtu mzima B huchomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 tangu ya kwanza. A ni mara mbili tu, zikiachana miezi 6 hadi 12. Wewe hukuitwa baada ya mwezi mmoja, kwa hiyo yaelekea ni A, lakini kadi ndiyo shahidi. Wengine huchanganya pia na homa ya manjano, ile ya kadi ya njano ya msafiri. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaletwa na mbu.

Ikiwa ni A, kachomwe dozi ya pili wiki hii. Mwili haujaisahau ya kwanza, na hata ingepita miaka kadhaa jibu lingekuwa hili hili. Kampuni ikiwa tofauti na ya mwanzo, hakuna ubaya. Kosa kubwa ni kuwahi, si kuchelewa: dozi ya pili ikichomwa kabla ya miezi 6 haihesabiwi. Sindano ichomwe kwenye msuli wa bega, si tako, kwani kwenye mafuta ya tako chanjo haifanyi kazi vizuri.

Mwanangu wa miaka 7 macho yamekuwa ya njano, kipimo kimeonyesha homa ya ini A. Nyumbani kuna wa miaka 3, mchanga wa miezi 8, na mama yangu wa miaka 62. Wachanjwe?
*Mama, Nachingwea*

Fanya haraka. Chanjo humkinga aliyekaribiana na mgonjwa ikichomwa ndani ya siku 14 tangu akaribiane naye, na huyo mgonjwa alianza kutoa virusi kwenye choo kama wiki mbili kabla macho hayajabadilika. Kumchanja yeye sasa hakusaidii. Asishike chakula cha wenzake mpaka ipite wiki moja tangu macho yawe ya njano, na anayemtawaza anawe kwa sabuni kila mara.

Wa miaka 3 apate dozi ya mtoto, nusu mililita, kisha ya pili baada ya miezi 6. Dozi ya mtu mzima ni mililita 1, na umri wa kuvuka ni kati ya miaka 16 na 19 kutegemea kampuni. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi.

Wa miezi 8 ndiye mwenye hesabu ngumu. Chini ya mwaka mmoja chanjo hii haitumiki baada ya kukaribiana na mgonjwa. Kinachotumika ni imunoglobulini (sindano ya kinga iliyo tayari, itokanayo na damu ya watu wengine), mililita 0.1 kwa kila kilo, yaani mtoto wa kilo 8 anachomwa 0.8. Lakini dawa hiyo huizima chanjo ya surua na rubela kwa miezi 6, na yake ya miezi 9 imeshakaribia. Kwa kuwa wachanga wengi huupita ugonjwa huu bila hata dalili, daktari anaweza kuona heri kuiacha. Ikichomwa, iandikwe kwenye kadi ya kliniki.

Bibi aliyekulia huku huenda aliugua utotoni bila kujua, na kinga yake ni ya maisha. Apimwe damu kwanza, mradi majibu yatoke upesi. Asipokuwa na kinga achanjwe, na kwa umri wake imunoglobulini inaweza kuongezwa.

Natumia ARV. Chanjo hii itanidhuru?
*Masasi*

Hapana. Iliyozoeleka ni ya virusi vilivyouawa, haiwezi kukuambukiza. Hata mjamzito aliye hatarini huchomwa. Ipo nyingine ya dozi moja, ya virusi hai vilivyodhoofishwa, inayotengenezwa China. Hiyo wewe na mjamzito muiepuke. CD4, zile chembe za kinga kwenye damu, zikiwa chini mwili huitikia kidogo, kwa hiyo pima kingamwili angalau mwezi 1 baada ya dozi ya pili. Mwenye homa ya ini B sugu naye asiiache hii: A ikimkuta juu ya B, ini linaweza kushindwa kazi.

Nasafiri baada ya wiki 4. Nimeshauriwa ile ya A na B pamoja. Dozi moja inatosha?
*Lindi mjini*

Kwa A, haitoshi. Sindano moja ya mchanganyiko wa watu wazima ina vipimo 720 vya A, nusu ya 1440 vilivyomo kwenye ile ya A peke yake ya kampuni hiyo hiyo. Una njia mbili. Ya kwanza ni ratiba ya haraka: leo, siku ya 7, siku ya 21, na ya nne baada ya miezi 12. Ya pili ni kuchoma A na B mbalimbali, kila moja bega lake, siku moja. Ukikosa hata moja ya tarehe hizo tatu kabla ya safari, chagua ya pili, kwani A peke yake hukinga kwa dozi ya kwanza tu. Kabla hujachomwa, uliza kichupa kimetunzwa wapi. Kinakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na kilichowahi kuganda hakifai hata kikiyeyuka.