Acha kuusubiri mwili wa zamani: mavazi ya mama anayewahi kazini

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Dodoma, mtumishi wa halmashauri, alinitumia ujumbe saa tisa usiku, saa ambazo mama mwenye kichanga ndiye aliye macho. Likizo ya uzazi inaisha, sketi zote zimegoma kufunga zipu, mkuu mpya wa idara ni mtu wa suti, na hela iliyobaki ni ya dada wa kazi. "Dada, nitavaa nini mimi?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikajiona nimemdhulumu. Swali hilo nimeishi nalo kwa watoto watatu.

Nilirudi ofisini baada ya mtoto wa kwanza zile siku 84 za kisheria zilipokwisha. Kabati lilikuwa limejaa: blauzi za satini, sketi za kubana za enzi za usichana, magauni ya kitchen party za watu ambao wengine wameshaachana. Hakuna lililopita nyonga. Titi moja lilikuwa kubwa kuliko jingine, tumbo bado laini, na hata viatu vilibana, maana hakuna aliyeniambia kwamba mguu nao hutanuka wakati wa ujauzito na mara nyingine haurudi. Nikaangukia gauni moja jeusi la ujauzito, lile la kitambaa cha kuvutika. Jumatatu gauni lile, Jumatano gauni lile, Ijumaa gauni lile na skafu juu yake, nikijidanganya kwamba nimebadilisha.

Bosi mmoja, simtaji wala ofisi siitaji, akanikuta kwenye ngazi mbele ya vijana waliokuja kufanya mazoezi kwa vitendo. "Mama, siku hizi umejiachia kabisa!" Akacheka, vijana wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ungefanyaje, na mshahara unautaka? Lakini maneno yale yalinikaa kooni, na yapo mpaka leo. Katika wote waliocheka pale hakuna aliyekuwa ameamka hata mara moja usiku ule kunyonyesha.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu, huyu wa tatu akiwa bado ananyonya, mimi ndiye niliyesimama kusoma taarifa ya idara mbele ya wageni kutoka wizarani. Gauni la kitenge cha bluu iliyokolea, mikono inayofika kwenye kiwiko, hereni ndogo, nywele nimezivuta nyuma. Bwana yule yule alinifuata baadaye kuniuliza mke wake anaweza kumpata wapi fundi wangu. Nilimwambia nitamtumia namba. Sijamtumia.

Mwili wenyewe haukurudi. Nalisema mapema ili anayesubiri dawa ya kupunguza tumbo asipoteze bando lake hapa. Nilichofanya ni kuacha kuusubiri. Kila nguo ya "nikipungua nitaivaa" niliitia kwenye sandarusi kubwa, nyingine nikawagawia wadogo zangu, nyingine nikaziweka juu kabisa ya kabati ambako mkono haufiki bila kupanda kiti. Asubuhi ya mama ina dakika chache, na nyingi huishia kwenye kujaribu nguo ambazo ulishajua tangu jana kwamba hazikuingii. Ukiziondoa machoni, umejipunguzia kilio.

Utabaki na nguo chache, usishtuke. Mimi wiki nzima naiendesha kwa sketi mbili, suruali nyeusi, magauni mawili ya kitenge, blauzi kadhaa za pamba na koti jepesi linaloishi kwenye kiti changu cha ofisini kwa ajili ya kiyoyozi. Rangi za chini ni nyeusi, bluu na udongo; za juu chochote kinachozungumza nazo. Gizani, umeme umekatika, ukivuta ya juu na ya chini bila kuangalia, zinakubaliana.

Lakini yote haya yanasimama juu ya fundi, na hapa nitakaa kidogo.

Mafundi wetu wengi wanaijua harusi kuliko ofisi. Ukimpelekea kitambaa na kumwambia "nishonee kitu kizuri", atakuwekea mabawa mabegani na mpasuo wa kukufanya usipande daladala. Na usimwonyeshe picha ya binti aliyejipinda kiuno kwenye simu, kwa sababu atashona kwa picha ile na wewe ndiye utakayeuvaa mwili wako. Mpelekee nguo ya zamani inayokukaa vizuri, hata kama imechoka, aipime hiyo. Kitenge cha pamba kiloweke na kukianika kabla hakijafika kwenye mkasi, maana kikinywea baada ya kushonwa hakuna wa kumlaumu. Mwambie aache kitambaa cha kutosha ndani ya mshono, upana wa kidole na nusu kila upande, ili mwezi wa sita baada ya kujifungua ukiongezeka afungue, na ukipungua abane. Wengi hukata hadi ukingoni kwa mazoea, kwa hiyo mwambie kabla hajakata. Kiuno cha sketi kiwe kimenyooka mbele na lastiki nyuma. Ukichomekea blauzi kwa mbele tu, nyuma ikaachwa kufunika lastiki, hakuna atakayejua. Na mifuko. Dada zangu, daini mifuko! Mwanamke anayebeba mtoto, simu, kadi ya basi na pochi ya chakula hana mkono wa tano.

Kwa anayenyonyesha, gauni la zipu ya mgongoni ni adhabu, maana itabidi uvue gauni zima chooni. Vifungo mbele hadi usawa wa kitovu, au zipu mbili zilizofichwa kwenye mishono inayopita juu ya kifua. Fundi mzuri anaziweka zisionekane. Nimelivaa gauni la namna hiyo katika vikao na hakuna aliyegundua. Halafu, kwa kuwa tumefika kwenye kunyonyesha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi hadi saa mbili kwa siku. Usiombe kama fadhila. Wengi wetu tunaidai kwa aibu, tukijibanza, huku tunasimama kifua mbele kudai posho ya safari.

Maziwa yatavuja, haina ujanja. Nguo ya rangi moja iliyofifia, hasa kijivu na bluu ya anga, itakutangaza mbele ya kikao kizima. Maua na michoro inameza doa lote, na ndiyo sababu kitenge kilinisaidia kuliko blauzi zote za dukani. Ndani ya sidiria weka vipande vya khanga kuukuu vilivyokunjwa na kushonwa duara, ufue na kuanika kila siku. Doa la maziwa lifue kwanza kwa maji baridi. Ukianza na ya moto linagandia kwenye kitambaa.

Kitambaa nacho ni nusu ya kupendeza. Sisi wa Dar, kati ya Desemba na Machi, ukivaa polista unafika kazini umelowa mgongo kabla hujasaini daftari. Wauzaji watakuapia kwamba kila kitu ni pamba. Omba uzi mmoja kutoka ukingoni, uuchome: pamba inaungua na kuacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi, polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kuna muuzaji mmoja Kariakoo akiniona tu anatoa kiberiti mwenyewe. Dada wa Dodoma yeye ana upepo wenye vumbi na asubuhi za baridi kuanzia Juni. Aepuke nyeupe za chini, na atafute koti la kitambaa chenye uzito kidogo, lisilofika magotini. Kama hela ya mwezi huu inatosha nguo moja tu, iwe sketi nyeusi ya kufika chini ya goti, ya lastiki nyuma. Watumishi wa umma wana miongozo yao ya mavazi, na sketi hiyo haitakupeleka kwa afisa utumishi hata siku moja.

Mitumba mimi naiheshimu. Blauzi zangu nzuri kuliko zote zimetoka Karume, soko lililoungua Januari 2022 na wenyewe wakarudi kuuza. Nenda asubuhi robota zinapofunguliwa, bila mtoto, na usiende na shoga anayependa kila kitu. Iinue nguo juani uangalie kwapani, kola na mshono wa makalio, vuta zipu mara mbili. Namba ya saizi iliyoandikwa nyuma ya shingo isikuumize roho, maana kila nchi ina namba zake. Na ule mtindo wa kuzungusha kiuno cha suruali shingoni ili kujua kama itakutosha, baada ya kujifungua hausemi kweli: shingo haikubeba mimba. Bei ya kuanzia usiitaje wewe. Nguo za ndani nunua mpya. Za mitumba TBS, shirika la viwango, wamezipiga marufuku, ingawa utazikuta zimening'inia. Sidiria ipimwe upya, kwa sababu ile ya kabla ya mtoto inabana ubavuni na kuharibu mkao wa blauzi yoyote, hata ya gharama.

Viatu nitasema kifupi. Barabarani vaa simpo, skuna zikae chini ya meza. Kipindi cha masika na tope lake hata simpo ziwe kwenye mfuko, miguuni ndala. Anayekucheka kituoni humjui.

Kazi yenyewe ipo Jumapili. Nafua Jumamosi, tena kwa maji ya bomba nikiyapata, maana maji ya kisima chenye chumvi hayatoi povu na nguo zinapauka. Za rangi nazianika kivulini, upande wa ndani ukiwa nje. Jumapili jioni, umeme ukiwepo na LUKU ikiwa na kitu, napiga pasi nguo za wiki nzima na kuzitundika kwa seti: blauzi, sketi, shimizi na hereni ndani ya kimfuko kwenye hanga moja. Asubuhi nachukua hanga, basi. Nguo naivaa ya mwisho kabisa, mtoto akiwa ameshacheua. Kabla ya hapo nimejifunga khanga. Hili ukilishika, mengine hata ukiyasahau sikulaumu. Nirudie: pasi Jumapili, hanga kwa seti, nguo ya mwisho. Na baba wa nyumba, kama anasoma, pasi haina jinsia. Wangu alianza kwa kuunguza kola ya shati lake mwenyewe. Siku hizi anapiga zote, na nikisafiri kikazi watoto wanaenda shule wamenyooka.

Ninachokwazika nacho ni akina mama wanaosema hawana hela ya nguo za kazi huku wana sare za harusi zaidi ya kumi. Kila mwezi kuna shughuli: send-off ya binti wa jirani, kitchen party ya mtu wa kikoba, ubarikio, arobaini. Kila shughuli ina rangi yake, kitambaa chake cha kununua kwa mwenyekiti kwa bei yake, na fundi. Ukivaa mara moja, picha zikapanda kwenye magrupu, nguo imekwisha kazi, kwa sababu ni ya kumeremeta na ina mkia. Halafu Jumatatu unarudi kwenye gauni la ujauzito. Mnisamehe nikisema wazi: tunawavalia watu wa saa nne za ukumbini kuliko tunavyovaa kwa ajili ya kazi inayolipa michango yote hiyo. Vyeo tunavitaka, na tunavistahili, ila tunaingia kwenye usaili na zipu iliyoshikwa na pini.

Sisemi ususie shughuli. Wifi yangu alininunia nilipokataa mshono wa kamati, na amani ilichukua muda kurudi. Siku hizi natoa mchango mapema, nanunua kitambaa cha sare kama wenzangu, ila mshono ni wangu. Kikiwa lesi au cha kung'aa mwili mzima, hicho kiache kiwe cha blauzi tu, chini vaa sketi yako nyeusi. Kikiwa kitenge au krepu, hiyo ni nguo ya kazi iliyokuja kwa mlango wa nyuma: mwambie fundi asishone gauni. Blauzi peke yake, sketi peke yake, bila mkia, mpasuo usizidi kiganja. Shanga na mawe aviweke kwenye mkanda wa kutoa, avishikize kwa vifungo kwa ndani. Jumamosi unaingia ukumbini nao, Jumapili unaubandua wakati pasi inapata moto.