Msinunue kengele za moshi kabla sigiri haijatoka chumbani

Ndugu wa Mbale uliyeuliza, tafadhali ahirisheni safari yenu ya Kampala ya Jumamosi. Umeandika kwamba kikundi chenu cha vijana kimechanga fedha, kwamba mnataka kufunga kengele za moshi katika mizigo, yaani vyumba vya kupanga, ya mtaa wenu ili familia zinazopikia makaa ndani zisife kwa moto wala kwa hewa ya makaa, na umeuliza aina gani ni bora, viongozi watoe ruhusa vipi, na watu wa kujitolea mtawapata wapi. Yote ni maswali mazuri, lakini mimi nimekwama kwenye sentensi yako moja, ile inayosema muuzaji amewahakikishia kuwa kengele ya moshi inatosha kwa hatari zote mbili. Haitoshi. Sisi hapa Jinja tuliambiwa maneno hayo hayo, tukayaamini, na siwezi kukaa kimya nikiwaona mnaelekea huko huko.

Kengele ya moshi hutambua chembechembe zilizomo hewani. Ile ya kawaida ina mwali mdogo wa mwanga ndani yake. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya mwanga huo, na kengele hulia. Kaboni monoksaidi, yaani hiyo hewa ya makaa yenye sumu, haina chembe, haina rangi, haina harufu wala ladha, kwa hiyo hupita humo bila kengele kushtuka hata kidogo. Sasa tazama jinsi tunavyowasha sigiri, yaani jiko la makaa. Mama huiwasha uani, hupepea mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo huiingiza ndani, kwa sababu tangu utotoni tumeambiwa kwamba kinachodhuru ni moshi. Makaa hayo mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoendelea kutoa kaboni monoksaidi kwa saa nyingi, hasa yanapofunikwa na majivu. Matokeo yake ni kwamba kengele ya moshi hupiga kelele mtu anapokaanga vitunguu, wakati kila mtu yuko macho na mlango uko wazi, kisha hunyamaza usiku wakati watu wamelala, mlango umefungwa, na sigiri iko karibu na kitanda. Ukimya huo watu huuchukua kuwa uthibitisho wa usalama, na hapo ndipo msaada wenu unapogeuka kuwa madhara.

Sisemi hayo kwa kubahatisha. Katika mojawapo ya nyumba tulizofunga kengele alikuwapo mzazi aliyetoka kujifungua, pamoja na mama mkwe wake aliyekuja kutoka kijijini kumhudumia. Ilikuwa msimu wa mvua, chumba kilikuwa na baridi, na bibi akaingiza sigiri ili kichanga kipate joto. Mume alipotilia shaka, bibi alimwonyesha kengele yetu juu ya ukuta, akamwambia kwamba vijana walisema italia kukiwa na hatari. Asubuhi wote waliamka wakiumwa kichwa na kutapika. Walikwenda kliniki, wakapewa dawa za malaria, wakarudi katika chumba kile kile, na usiku uliofuata sigiri ikaingia tena. Aliyewaokoa ni jirani aliyesikia mtoto mkubwa akilia bila mtu wa kumnyamazisha, akavunja mlango. Wote walinusurika, namshukuru Mungu, lakini bibi yule hakurudi kuwa alivyokuwa. Husahau majina ya wajukuu zake. Daktari alitueleza kwamba ubongo uliokosa oksijeni kwa njia hii huweza kuonyesha madhara hata majuma kadhaa baada ya mgonjwa kudhaniwa kuwa amepona.

Bibi huyo simlaumu kwa lolote, kwa kuwa alifanya kile ambacho kila bibi mwenye huruma angefanya, na alituamini. Ninayemlaumu ni muuzaji aliyetazama orodha yetu, akasikia tunapikia nini na tunalala wapi, kisha akatuambia kwamba kifaa chake kinanasa kila hewa mbaya inayotoka motoni, ilhali maandishi ya kiwandani nyuma ya kifaa hicho yalitaja moshi peke yake. Namlaumu pia mshauri tuliyeletewa kutufundisha, ambaye muda wote alihimiza tuhesabu kengele zilizofungwa, maana kengele huhesabika na huonekana vizuri pichani, ila sigiri iliyolala nje hakuna anayeipiga picha wala kuiandika kwenye ripoti. Watu kama hao hawarudi mtaani kuulizia yaliyowapata wenye nyumba.

Kwa hiyo kanuni yangu, ambayo nitaishikilia hata mkiona ninairudia mno, ni hii: sigiri itoke kwanza, kengele ifuate. Kabla hamjanunua chochote, piteni nyumba kwa nyumba jioni, saa za kupika, mkaulize swali moja tu: sigiri hulala wapi? Kisha ulizeni kwa nini, na msikilize. Sisi tulipoanza kuuliza hivyo tuligundua kwamba wengi hawaiingizi kwa kutojua. Huiingiza kwa sababu mvua inanyesha na baraza ni finyu, au kwa sababu sigiri iliyoachwa nje huibwa pamoja na makaa yake, au kwa sababu maharage yanahitaji kuiva polepole usiku kucha na hakuna anayetaka kuacha sufuria uani. Hotuba kuhusu sumu haimzuii mwizi wala mvua. Kilichosaidia ni banda: nguzo chache, mabati juu, pande mbili wazi ili hewa ipite, wavu wa chuma na kufuli, kila mpangaji akiwa na ufunguo. Fedha ambazo zingekwisha kwenye vifaa vichache kutoka Kampala zinaweza kujenga banda la ua mzima, ikiwa mwenye nyumba atakubali kutoa nafasi na mabati. Wengine hukubali upesi, kwa kuwa dari zao huacha kuwa nyeusi; wengine itabidi mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, azungumze nao.

Wazazi wenye vichanga wapeni kipaumbele. Huwezi kumwambia mama aliye kwenye baridi ya Kabale au Kisoro atoe sigiri bila kumwonyesha njia nyingine ya joto. Mtoto alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, na avalishwe kofia. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kumwonyesha mama jinsi ya kufanya, na ni vizuri aandamane nanyi. Msikubali hoja ya beseni la maji kando ya makaa, kwa kuwa maji hayainyonyi hewa hiyo kwa kiasi cha kumwokoa mtu, wala msiruhusu dirisha lililoachwa wazi kidogo lihesabiwe kuwa tiba. Jenereta nayo ni vivyo hivyo: ikae nje, mbali na milango na madirisha.

Fundisheni pia dalili, kwa maana hapo ndipo familia ile ilipopotezwa. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakipata kizunguzungu na kutapika kwa pamoja, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, malaria isiwe wazo la kwanza. Watoke wote, na wakifika hospitalini waseme wazi: tulilala na sigiri. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni huweza kusoma kiwango cha kawaida kwa sababu hakitofautishi viwili hivyo. Mgonjwa akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka mwilini kwa takribani saa 4 hadi 6. Akipewa oksijeni safi, kwa takribani dakika 80. Maziwa hayafanyi kazi hiyo, ingawa kila mtaa una mtu atakayeyaleta.

Fedha zikibaki baada ya mabanda, hapo nunueni kengele. Ya kaboni monoksaidi iwe na alama ya kiwango cha Ulaya, EN 50291, nyuma yake. Hiyo hulia ndani ya dakika 3 sumu hiyo ikifikia sehemu 300 kwa kila milioni ya hewa, na kihisio chake hudumu miaka 5 hadi 10, kwa hiyo someni tarehe ya kuisha kabla ya kulipa. Ya moshi iwe EN 14604, nayo ina faida yake halisi penye mishumaa na vibatari, mradi isiwekwe chumba ambacho watu wanapikia, maana ikilia kila siku wataitoa betri. Mwambieni muuzaji aandike kwenye risiti kengele inatambua nini. Akikataa, ondokeni.

Nambari ya zimamoto ni 999 au 112. Iandikwe kwenye banda. Hiyo Jumamosi nendeni kwa mwenye nyumba mwenye ua mkubwa kuliko wote, mwende na mwenyekiti, mkampimie mahali pa nguzo.