Jibu: Kwa nini Zanzibar, yenye dini moja na lugha moja, inashindwa kuungana?

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje watu wanaosali msikiti mmoja wagawanyike hivi. Dini na lugha haviamui nani anapata ardhi, kazi na cheo. Hapo ndipo palipo na donda.

Rudi Julai 1963. Katika uchaguzi, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata kura zaidi ya nusu, lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na vyama viwili vilivyoungana, ZNP (Hizbu) na ZPPP. Miezi michache baadaye, Januari 1964, yakaja Mapinduzi yaliyoiangusha serikali hiyo, damu ikamwagika. Kila nyumba ina simulizi yake ya miaka ile, na watoto wamezirithi kama wanavyorithi mikarafuu. Baada ya uchaguzi wa 1995, Pemba kuna wafuasi wa vyama pinzani waliosusiana maduka, hata mazishi. Mazishi! Kwetu sisi hilo ni zito kuliko kupigana.

Lakini usiseme haiwezekani. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume, wa chama tawala CCM, na Maalim Seif, kiongozi wa chama cha upinzani CUF, walikaa pamoja, na Julai 2010, katika kura ya maoni, karibu theluthi mbili ya waliopiga kura wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa utulivu, nasi tukapumua. Kisha 2015 matokeo ya uchaguzi yakafutwa, CUF wakasusia marudio, na chuki ikarudi mitaani.

Mimi naona kosa lilikuwa hili: viongozi waligawana vyeo, lakini waliofiwa na waliopigwa hawakuwahi kukaa barazani wakasikilizwa.