Mapipa ya Mafuta Yanayotoa Muziki

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba wanamuziki wa Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa huko Karibi, hupiga mapipa ya mafuta. Je, ni kweli? Na mgeni anayetaka kuwasikia aende lini?

JIBU: Ni kweli kabisa, ndugu msomaji. Watawala wa Kiingereza walipobana upigaji wa ngoma za ngozi katika miaka ya 1880, watu wenye asili ya Afrika waligeukia mianzi, wakiigonga ardhini ili kupata mdundo. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa wakipiga makopo na vyuma, na hatimaye mapipa, ambayo hayakuwa haba katika nchi inayochimba mafuta.

Kuiunda ala hiyo, iitwayo stilipani, ni kazi ya subira. Fundi hubonyeza kitako cha pipa kwa nyundo mpaka kiwe kama bakuli, huchora mipaka ya kila noti, hukipitisha motoni, kisha hugongagonga eneo moja baada ya jingine mpaka sauti ikae sawa. Wapigaji hutumia vijiti vilivyofungwa mpira nchani.

Nenda majuma machache kabla ya Kanivali, sherehe kubwa ya mitaani ambayo hufanyika Jumatatu na Jumanne zinazotangulia Jumatano ya Majivu, na uweke nafasi ya malazi mapema. Mashindano ya bendi za stilipani yaitwayo Panorama, yaliyoanza mwaka 1963, yana shamrashamra kubwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ni afadhali zaidi kwenda usiku katika viwanja vya mazoezi vya bendi hizo katika mji mkuu, Port of Spain, ambako utasimama karibu na wapigaji na kuwaona wakirudia kipande kimoja mpaka kikamilike.